Vikombe Viwili vya Mwalimu Njagi

Inspekta Kajuju alipiga magoti mlangoni pa hema akavikagua vyombo mara ya tatu. Sahani mbili, vijiko viwili, kisu cha mkate, sufuria moja iliyoganda masizi. Kikombe hakuna, hata kimoja. Chupa ya chai nayo haikuwapo.

"Mama," aliita bila kugeuka, "mlikuja na vikombe vingapi?"

"Viwili. Vya bati, vya samawati. Changu na chake."

"Vyote vimeenda?"

"Vyote. Na leso yangu, na ile bendeji yake ya kufunga goti."

Kajuju akaandika. Ilikuwa saa saba na dakika kumi mchana, na mawingu yalikwisha kuteremka mlimani yakakaa juu ya vilele vya miti ya podo kama mtu aliyefika na mzigo wake. Kambi yenyewe ilikuwa uwanja mdogo wa nyasi ndani ya mbuga, mwendo wa dakika kumi kutoka lango la Kamuthanga, upande wa Embu wa Mlima Kenya. Hema mbili tu zilikuwa zimesimamishwa pale. Moja ni ya Mwalimu Njagi na mkewe Nelius, kutoka Kianjokoma. Ya pili ni ya mpishi wa kundi la wapanda mlima kutoka Meru, ambao walikuwa wameondoka kabla ya mapambazuko kwenda juu.

Mwalimu Njagi alikuwa mstaafu wa miaka sitini na minane. Alikuwa ametoka alfajiri kwenda kuchota maji mtoni, hakurudi. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Vidonge vyake vilikuwa bado kwenye mfuko wa pembeni wa begi lake, havijaguswa. Mvua ya huku juu haibishi hodi, na mzee aliyelowa, mwenye njaa, asiyemeza dawa, halindwi na msitu kwa sababu tu anaupenda.

Nelius alikuwa ameketi juu ya gogo, mikono imezama ndani ya mikono ya sweta. Hakuwa analia. Alikuwa amekasirika, kwa ile hasira ya mtu anayeogopa.

"Nieleze asubuhi yenu tena," Kajuju akasema, akaketi kando yake. "Polepole. Mliamka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na kitu. Yeye huamka pamoja na ndege. Akachemsha chai, akaitia kwa chupa, akavaa gambuti, akachukua mtungi. Akaniambia, 'Nelius, chai iko hapo, usiimalize.'" Akavuta mikono ya sweta. "Miaka thelathini na tisa ya ndoa, halafu maneno ya mwisho yawe ni usiimalize."

"Hayajawa ya mwisho bado. Halafu?"

"Saa kumi na mbili na dakika arobaini nikaona anachelewa, lakini sikujali. Akiona ndege husimama kama nguzo ya stima. Nikashuka langoni kuoga maji moto. Nikarudi saa moja na nusu. Zipu ya hema ilikuwa wazi nusu, chupa hakuna, vikombe hakuna. Nikafikiri ameamua kunywea chai kando ya mto. Nikangoja. Saa tatu nikaanza kuita. Saa nne nikaenda kwa askari."

Askari mwenyewe, Mugendi, alikuwa amesimama karibu na bunduki begani na redio mkononi. Alikohoa.

"Inspekta, hivyo vikombe viwili," alisema kwa sauti ya chini. "Mtu akitoka na vikombe viwili na leso, si anaenda kukutana na mtu?"

Maneno yalikusudiwa sikio la Kajuju peke yake, lakini masikio ya Nelius yalikuwa mazima.

"Nani? Mwalimu?" Aligeuka mzima mzima. "Kijana wangu, huyo mwanaume alinichumbia kwa barua. Wiki ya pili akaja nyumbani kwetu kuniomba nimrudishie ile barua, kwa sababu alikumbuka ameandika neno moja vibaya. Nikampa, akasahihisha, akanirudishia. Mtu wa namna hiyo atapata wapi ujasiri wa kukutana na wanawake msituni?"

Mugendi akatazama viatu vyake. Kajuju aliinamia daftari ili kicheko kisimtoke. Hata hivyo Mugendi alikuwa amegusa jambo. Vikombe viwili ni watu wawili. Kilichobaki ni kujua huyo wa pili ni nani.

"Nipelekeni mtoni," akasema.

Mto ulikuwa mwembamba, wa maji baridi ya kukata vidole, ukipita juu ya mawe yenye kuvu. Mtungi wa lita tano ulikuwa pale pale ulipopatikana, juu ya jiwe bapa ukingoni. Kajuju hakuugusa kwanza. Aliuzunguka, akachuchumaa, ndipo akaushika.

"Umejaa," alisema. "Na kifuniko kimekazwa. Mlisema mnafikiri alianguka majini?"

"Ndivyo tulifikiri mwanzoni," Mugendi akajibu. "Tukatazama kule chini kidogo, hii upande ya mto. Hakuna kitu. Saa hii vijana wangu wako juu kwa maporomoko, toka saa tano. Mama alisema anapenda sana kwenda huko."

"Mtu anayeanguka hakazi kifuniko. Huyu alijaza, akafunga, akauweka mahali hautapinduka. Kuna kitu kilimwita, naye hakuwa na hofu nacho." Alionyesha tope lililokuwa kati ya jiwe na mawe ya kuvukia. "Njoo utazame. Hizi ni gambuti zake, mguu wa kushoto anautupa nje kidogo. Zinaenda ng'ambo. Hapa zinarudi. Hapa zinaenda tena, zimekanyaga juu ya zile za kwanza. Zilizoenda ni mara mbili, zilizorudi ni mara moja."

Mugendi aliinama, akahesabu kwa midomo.

"Alivuka, akarudi kambini, akavuka tena," alisema.

"Na mara ya pili alikuwa na chupa ya chai."

Ng'ambo ya mto nyayo zilipotelea kwenye majani makavu na mizizi, na kijia kikagawanyika. Mtu angeweza kushika njia yoyote. Kajuju alitazama juu, akasikia maji ya maporomoko yakinguruma kwa mbali upande wa kushoto, akatazama saa.

"Huyo mliyemshika yuko wapi?"

"Bundi, yule mpishi? Yuko kwa hema yake. Nimemweka na askari mmoja. Yeye ndiye mtu wako, Inspekta. Simu ya mzee ilikuwa kwa mfuko yake."

Bundi alikuwa mpishi na mpagazi, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye mabega mapana na ndevu zilizoanza kuwa na mvi. Alikuwa ameketi kwenye kopo la rangi lililopinduliwa, na mbele yake sufuria kubwa ilikuwa ikitoa harufu mbaya.

"Githeri yako inaungua," Kajuju akamwambia.

"Nimeambiwa nisisimame, madam."

"Simama uiepue. Watu wakishuka kutoka juu watakula nini?"

Bundi aliinuka haraka, akaepua, akakoroga, akaonja, akatikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. Kajuju alimngoja amalize. Halafu akatoa simu ya Mwalimu kutoka kwenye mfuko wa karatasi aliokabidhiwa langoni.

"Hii uliitoa wapi?"

"Niliiokota chini ya ule mti, madam. Ule mkubwa, kando ya choo. Saa mbili hivi."

"Kwa nini hukumpelekea mwenyewe? Hema ziko mbili tu."

"Nilikuwa na moto. Nikasema nitapeleka nikimaliza kuosha vyombo. Halafu nikasikia mama anaita, anaita, askari wakakuja, nikaogopa." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Madam, mimi niko na miaka kumi na nne kwa hii mlima. Kitu ikipotea kambini, hata kijiko, wanaanza na mpagazi. Nikasema nitaiweka tu pole pole kwa meza ya mama. Kabla sijafika ikalia kwa mfuko."

"Nani alikuwa anapiga? Hapa hakuna netiweki."

"Haikuwa ya kupigiwa. Ilikuwa kengele. Imeandikwa dawa."

"Saa nne na nusu," Mugendi akadakia. "Ikalia nikiwa nimesimama hivi mbele yake. Akabadilika rangi."

"Hata mimi ningebadilika," Kajuju akasema. "Asubuhi ulimwona mzee?"

"Sikumwona. Wageni walitoka saa kumi na moja, nikarudi kulala. Niliamka karibu saa mbili."

"Hukusikia kitu?"

"Nikilala, madam, mke wangu husema hata ng'ombe akizaa mlangoni sisikii."

Kajuju aliigeuza simu. Ilikuwa na kifuniko cha plastiki laini. Kwenye pembe moja palikuwa na alama nne ndogo zilizozama, mbili juu na mbili chini, kama zilizobanwa kwa koleo. Kwenye tundu la chaja palikuwa na kitu cha manjano. Alikikwangua kwa ncha ya kalamu, akanusa.

"Wewe, Bundi, unapakaa siagi gani?"

"Siagi? Sina siagi, madam. Wageni wangu wanakula mafuta ya karanga."

Kajuju alitoka nje, akaita kuvuka uwanja. "Mama! Mkate wenu uko wapi?"

Nelius aliinuka juu ya gogo. "Mkate haupo. Nilifikiri ameuchukua pamoja na chai."

"Ulikuwa umepakwa?"

"Niliupaka jana jioni. Vipande kumi. Nikaufunga ndani ya mfuko wa karatasi, nikauweka hapo mlangoni ndani."

"Na zipu ulisema ilikuwa wazi nusu." Kajuju alimgeukia Mugendi. "Ule mti kando ya choo. Kuna nani hukaa juu yake?"

Mugendi alitazama mti, akatazama simu, akatazama tena mti. Kwenye tawi la pili, kima watatu wa shingo nyeupe walikuwa wameketi kama wazee wa kanisa, mmoja akimchambua mwenzake mgongo.

"Ngai!" akasema taratibu.

"Haya ni meno. Kima aliingia, akachukua mfuko mzima wa mkate, akapanda. Huko juu akakuta kitu kigumu kati ya vipande. Akakiuma, akaona si chakula, akakitupa. Bundi akakiokota." Alimtazama yule mpishi. "Pole, baba. Umekaa kwenye hilo kopo saa tatu bure."

Bundi akasema, "Lakini madam, simu iliingia kwa mkate vipi?"

"Hilo ndilo swali zuri zaidi tangu asubuhi," Kajuju akajibu. "Mtu aliiweka. Mtu anayejua mkewe akirudi kutoka kuoga ataushika mkate kwanza. Na haweki simu peke yake. Simu isiyo na netiweki haizungumzi. Simu ni kizito tu, cha kushikilia kitu kisipeperuke. Njooni wote, tutafute karatasi."

Walitafuta kwa magoti, watu wanne, chini ya mti ule mkubwa, huku kima wakiwatazama kwa dharau. Bundi ndiye aliyekuwa na macho makali zaidi. Alivuta kutoka kwenye magugu vipande vya mfuko, halafu kipande cha mkate kilichojaa siafu, na mwisho karatasi ya daftari yenye mistari, iliyolowa siagi na kuchanwa vibaya. Nusu ya chini haikuwapo. Hakuisoma. Alimpelekea Nelius kwa mikono miwili.

Nelius aliitazama, akampa Kajuju.

"Nisomee wewe. Miwani yangu iko ndani."

Miwani ilikuwa ikining'inia shingoni mwake. Kajuju aliinyoosha karatasi. Mwandiko ulikuwa wa penseli, wa mviringo, wa ubao.

"'Mpenzi Nelius, usishtuke. Nilipokuwa mtoni nilisikia mluzi. Nimemkuta Gitari chini ya mzinga wake, ameanguka tangu jana jioni na mguu umevunjika. Ana baridi kali, siwezi kumwacha peke yake kwa muda mrefu. Niliita kwenye hema ya jirani, nikajibiwa na mkoromo. Nakimbia kumpelekea chai. Waambie askari waje na machela. Wavuke mto, kisha wafuate…'" Aligeuza karatasi. "Basi. Imekatika hapo."

Bundi alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili. Nelius alikuwa ameketi chini, pale pale, kwenye majani.

"Gitari ni nani, Mama?"

"Ndugu yangu." Sauti ilikuwa ndogo. "Kitinda mimba wetu. Hawajasemezana na Mwalimu miaka kumi na mmoja."

"Kuna ubaya gani kati yao? Niambie ukweli wote. Nahitaji kujua kama kuna hatari huko waliko."

"Hakuna hatari. Kuna upuzi." Alichuma jani, akalikunja. "Tulipomzika mama yetu, Gitari ndiye alipewa kusema kwa niaba ya watoto. Kwa Kiswahili, maana kulikuwa na wageni wa kila mahali. Gitari hakusoma sana, ni mtu wa nyuki. Lakini alikuwa amejiandaa wiki nzima. Akasimama akasema, 'Mama yetu, vitu zake zote alitupatia sisi.' Na Mwalimu, akiwa kwenye kiti cha mbele, kwa mazoea tu, wala hakukusudia, akasema kwa sauti, 'Vyake. Vitu vyake vyote.' Watu wakacheka. Mazishini, watu wakacheka. Gitari akaweka maikrofoni chini, akakaa. Hakumaliza. Mpaka leo hakuna anayejua alitaka kusema nini juu ya mama."

Tone la kwanza la mvua liliangukia karatasi. Kajuju aliikunja, akaiweka ndani ya daftari.

"Mugendi, watu wa nyuki wenye kibali wameweka mizinga wapi ng'ambo ya mto?"

"Mahali tatu. Kuna huko juu kwa mianzi. Kuna karibu na maporomoko. Na kuna huku chini, kwa kona, wanaita Kwa Podo Mbili."

"Kwa mianzi ni mwendo wa muda gani?"

"Saa moja na nusu kupanda. Mzee, saa mbili."

"Basi si huko. Alitoka hemani baada ya saa kumi na mbili, na kufikia saa moja na nusu alikuwa amekwisha kwenda, kurudi, kuandika barua na kuondoka tena. Aliko ni karibu. Kwa maporomoko je?"

"Hapo ni karibu. Dakika kumi na tano. Ndiyo vijana wako hapo."

"Vijana wako wakizungumza pale wanasikizana?"

Mugendi alifikiri. "Hapana. Maji inapiga kelele. Tunaongea na mikono."

"Na mtu aliyevunjika mguu apige mluzi hapo, usikike mpaka kwenye lile jiwe la mtungi?"

Mugendi alikuwa ameanza kukimbia kuelekea mtoni kabla Kajuju hajamaliza kusema. "Kwa Podo Mbili!" alipiga kelele kwenye redio. "Shukeni wote! Leteni machela!"

Mvua ilianza kwa nguvu walipovuka mto. Mugendi alitangulia akikata matawi kwa panga, Kajuju nyuma yake, na Bundi wa mwisho, aliyebeba blanketi mbili na sufuria ndogo ya githeri aliyoifunika kwa koti lake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia aje. Nelius alikuwa ameagizwa abaki kambini, akaitikia vizuri sana, tena haraka, na Kajuju alipaswa kumshuku pale pale.

Kijia kilifuata mto kuteremka. Utelezi ulikuwa mwingi. Kajuju alikulia Timau, kwenye mashamba ya ngano ambako baridi ni mtu wa nyumbani, lakini hata yeye alihisi vidole vikifa. Alijaribu kutofikiria mtu aliyelala nje kwenye baridi hiyo tangu jana jioni.

Baada ya dakika kumi na mbili Mugendi alisimama, akainua mkono.

Walisikia sauti. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya polepole, iliyokauka, ikisema maneno kwa mfuatano kama mtu anayehutubia. Ilitoka chini ya jabali kubwa lililoinama mbele, nyuma ya miti miwili ya podo iliyoota shina kwa shina. Chini ya mmoja kulikuwa na mzinga wa gogo uliopasuka na kamba iliyokatika.

"…na kila mtu aliyepita kwake," sauti ilisema, "hata kama ni adui, mama yetu alimpatia kiti kwanza. Akishakaa ndiyo anaulizwa shida zake. Vitu zake hazikuwa mingi. Lakini kiti ilikuwako."

"Endelea," sauti ya pili ikasema, dhaifu zaidi. "Ulifikia kiti. Endelea."

Kajuju alizunguka jabali. Gitari alikuwa amelala chali, amefunikwa koti la mvua lisilokuwa lake, mguu wa kulia umebanwa kati ya mbao mbili za mzinga na kufungwa kwa bendeji na leso ya maua. Ndevu zake zilikuwa na majani. Kichwa chake kilikuwa juu ya paja la Mwalimu Njagi, na Mwalimu, mwenye shati tupu lililolowa, uso umepauka kama majivu, alikuwa amekishika kwa viganja viwili ili kisigongane na jiwe kwa kutetemeka. Vikombe viwili vya samawati vilikuwa kando yao, vitupu.

"Mwalimu," Kajuju akasema. "Mimi ni Inspekta Kajuju. Tumekuja."

Mwalimu aliinua macho, ikamchukua muda kumwona. "Mlichelewa kuipata barua," alisema.

"Iliibiwa na kima."

"Aa." Aliifikiria habari hiyo kwa uzito. "Nilipaswa kufunga zipu. Nilikuwa na haraka. Mtibuni huyu kwanza, tafadhali. Nilimwambia asilale. Nikamwambia anipe ile hotuba ya mama tangu mwanzo, asiruke kitu. Amekwisha kuitoa mara nne."

"Na hajanisahihisha hata mara moja," Gitari akasema huku meno yakigongana. "Nikajua huyu mtu ni mgonjwa sana."

Bundi alikwisha kupiga magoti. Alimfunika Mwalimu blanketi, akafunua sufuria, akaanza kumlisha githeri kijiko kwa kijiko, bila kuuliza, kama anavyolishwa mtoto. Mwalimu alitafuna, akamtazama.

"Wewe ndiye uliyekuwa unakoroma?"

"Ni mimi, Mwalimu. Nisamehe."

"Ulikuwa mkoromo wa mtu mwenye amani. Sikutaka kuuvunja zaidi." Akameza. "Imeungua kidogo."

"Imeungua, Mwalimu."

Machela ilifika baada ya robo saa, na vijana wanne wa Mugendi waliolowa mpaka mifupani. Wakati wanamwinua Gitari, mtu alitokea kwenye kijia, ameshika mwavuli uliogeuka ndani nje na kikopo cha vidonge. Viatu vyake vilikuwa vimejaa tope mpaka vifundoni. Nelius hakumtazama Inspekta. Alienda moja kwa moja kwa mumewe, akamtilia vidonge viwili mdomoni kwa nguvu, akamwinulia maji, akangoja mpaka koo lake likapanda na kushuka.

"Meza."

"Nimemeza."

"Fungua mdomo nione."

Mwalimu akafungua. Ndipo Nelius akamshika uso wake wote, mashavu kwa masikio, akaugandamiza kwenye sweta yake. Mugendi alijishughulisha na redio iliyokuwa imezima.

Alipomwachilia, alienda kwenye machela. Kaka na dada walitazamana. Gitari alijaribu kuinuka kwa kiwiko.

"Ulikuwa unafanya nini juu ya mti kwa umri wako?" Nelius akauliza.

"Asali. Nilikuwa nataka kukutolea ya Krismasi, kama kila mwaka."

Machela ilianza kusonga. Mwalimu alitembea upande mmoja, Bundi amemshika kwapa. Nelius alitembea upande wa pili, mkono juu ya blanketi la ndugu yake. Kajuju alifuata nyuma yao, na kwa sababu kijia kilikuwa chembamba na mvua imepungua, alisikia kila neno.

"Mnajua miaka kumi na mmoja nimekuwa nikifanya nini kila Krismasi?" Nelius alikuwa akisema, akiwatazama wote wawili kwa zamu. "Nachinja kuku wawili. Napika mchana Kianjokoma, nakula na huyu, naosha vyombo. Halafu nabeba sufuria ya pili, napanda gari, nafika kwa yule jioni, napika tena, nakula tena, naosha tena. Mara mbili nasema nimeshiba na mara mbili sijashiba. Hamkuniuliza hata siku moja, ninyi wawili, kama nachoka."

Vijana waliobeba machela walitembea kama watu walioingia kanisani wakakuta ibada imeanza.

"Mwaka huu nachinja kuku mmoja," Nelius akasema. "Mkubwa. Na ninyi ndio mtaosha."

Mwalimu Njagi alitazama ng'ambo ya machela. Gitari naye alikuwa anamtazama.

"Mimi nitaosha," Mwalimu akasema. "Wewe kausha. Una mguu."

"Sawa, shemeji," Gitari akasema, akafumba macho, na safari hii hakuna aliyemkataza kulala.